Chumba cha Kazi Tu

Yorkton, Saskatchewan
14 Aprili

Kwa dada yangu mpendwa Stefka,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Doug na watoto, na kwamba goti lako limeanza kukubali ngazi. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji inayeyuka, uani ni matope matupu, na bomba la chini limevuja tena mahali pale pale pa siku zote. Watu wa parokia wanakusalimu. Bibi Sawchuk ananiuliza kila Jumapili utakuja lini, nami kila Jumapili namjibu kwamba ni Mei, naye kila Jumapili anasahau.

Barua yako niliipata Jumanne, pamoja na mchoro wa jiwe la kaburi. Jiwe ni zuri, na msalaba umechorwa kama wa baba. Umeniandikia kwamba fundi anataka maneno kabla mwezi haujaisha, ili jiwe liwe limesimama siku ya kubariki makaburi, na kwamba chini ya jina la mama umeamua kuchonga maneno yake ya mwisho, yale niliyokuambia kwa simu: "Mwambieni Stefka asilie, naondoka na amani." Unataka nikuhakikishie kwamba nimeyakumbuka neno kwa neno. Nitakujibu, dada. Lakini nikikujibu kwa sentensi moja hutanielewa, na nikikupigia simu najijua, nitakata katikati. Nivumilie basi nianzie kazini, maana balaa lilianzia huko.

Unakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita kampuni ilifunga ofisi yetu ya hapa Yorkton. Tulikuwa wauzaji watatu wa vipuri vya mashine za kupandia. Bosi wetu, Curtis Wiebe, alikuja kutoka Regina na boksi la donati, akatuambia kuanzia Jumatatu kila mtu afanyie kazi nyumbani kwake na azungukie wateja kwa gari lake. Donati zikaliwa, funguo zikakusanywa. Kuanzia hapo simu za wateja nikawa nazipokea kwenye meza ya jikoni, siku tatu kwa wiki, na siku mbili nipo barabarani. Petroli yangu, matairi yangu, umeme wangu. Mama alikuwa akikanda unga wa maandazi yake ya pirohi upande mmoja wa meza, mimi nikiandika oda upande wa pili, na karatasi nyingi nilizompelekea Curtis zilikuwa na unga unga. Tulizoea. Mama alifika mahali pa kuwajua wateja kwa sauti, akawa ananinong'oneza nisimkopeshe huyu, yule baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Sasa sheria inasema mtu anayetumia nyumba yake na gari lake kwa kazi ya mwajiri hupunguziwa kodi, ila lazima mwajiri ajaze fomu na kutia saini kwamba kweli alimtaka afanye hivyo. Bila saini hiyo, hata ukipeleka gunia zima la risiti utakuwa umepoteza stempu zako. Nilimpelekea Curtis fomu, nikidhani atasaini siku hiyo hiyo. Akanijibu kwamba kampuni haisaini fomu hizo. Alisema hakuna aliyelazimishwa kufanyia kazi nyumbani, ni hiari yetu, na anayetaka ofisi aende Regina, viti vipo. Kilomita mia moja na tisini kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Hiari ya namna hiyo mimi siijui.

Wenzangu wawili walinung'unika wiki moja wakaacha. Mimi unanijua. Baba alikuwa akisema ukitaka Orest afanye jambo, mkataze. Niliandika barua pepe kumi na moja. Niliwapigia watu wa ofisi ya kodi, wakaniambia kwa upole kwamba nina haki, lakini wao hawawezi kumshika mtu mkono atie saini. Mwishowe nikaendesha hadi Regina, nikamkuta Curtis na mhasibu wake, nikamwomba aniambie mbele yangu kwamba kazi ile naifanya kwa hiari. Akaegemea kiti, akaniuliza ofisi yangu iko wapi hasa. Nikasema jikoni. Akacheka. "Kwenye meza ya kukandia unga, mzee? Hiyo ofisi au mgahawa? Nikisaini hapo serikali ikija ikamkuta mama yako na mwiko, mimi nitajibu nini?" Mhasibu naye akacheka. Stefka, nina miaka hamsini na nane, nimeiuzia kampuni ile miaka ishirini na mbili, na nilichekwa kwa ajili ya mama yangu. Hapo ndipo suala lilipoacha kuwa la kodi.

Sikutoka. Nilikaa hadi akachoka. Akasema basi, ya gari atasaini, mradi niwe na daftari la safari lililoandikwa kila safari, kilomita na jina la mteja, bila kuruka hata moja. Ya nyumba atasaini siku nitakapomwonyesha chumba chenye mlango, ambacho ni cha kazi tu. Kisiwe na kitanda wala sufuria. Nimtumie picha. Nikampa mkono nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nikipiga mluzi kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumba yetu unaijua kuliko ninavyoijua mimi. Vyumba vyenye mlango ni viwili, cha mama na changu kule chini. Utauliza kwa nini sikutoa changu nikalala sebuleni. Nilikuwa na sababu: kule chini intaneti haifiki, dari ni fupi, na mteja akija hawezi kushushwa kwenye ngazi zile. Nilizipanga sababu hizo kichwani vizuri, na wakati ule zilinitosha. Leo nikizitazama, hakuna hata moja ambayo waya wa dola thelathini usingeitatua.

Sasa sikiliza. Wewe nilikuambia kwamba baada ya kuanguka pale barazani mwezi wa Julai, mama mwenyewe alichoka na nyumba, akaomba kuhamia nyumba ya wazee ya Canora walipo wenzake wa ujanani. Ukalia, ukasema ni kwa sababu hukuja kiangazi kile, ukaniandikia barua tatu za kujilaumu, nami nikakuacha ujilaumu. Si kweli, dada. Kuanguka alianguka, lakini wiki ya pili alikuwa ameshapona na anapalilia bizari yake. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimkuta anakunja nguo, nikamweleza habari ya fomu, ya Curtis, ya picha, nikamwambia ni kwa mwaka mmoja tu mpaka jambo likae sawa. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema, "Kama chumba kinakusaidia kazini, mwanangu, chukua. Mimi kitu gani, nalala popote." Kisha akaniuliza kama Canora wanaruhusu mtu aende na mto wake.

Alipakia nguo zake saa moja haikuisha. Kitanda nilikifungua nikakipeleka kwenye banda. Nikaweka meza, kabati la mafaili, kalenda ya kampuni ukutani, nikapiga picha nne. Curtis alisaini siku ya tatu. Niliichukua ile karatasi nikaipeleka Canora na keki ya mbegu za mpopi, nikamwonyesha mama kama mtoto anayeleta ripoti ya shule. Alivaa miwani. Akalisoma jina langu, akaiangalia saini, halafu akaigeuza nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Akaniuliza ndiyo hii yote. Nikamwambia ndiyo hii. Akanirudishia, akasema hongera.

Nilimtembelea. Hilo usiwe na shaka nalo, nilimtembelea kila wiki mbili, na mara nyingine kila wiki. Lakini nikueleze nilivyokuwa nikimtembelea. Lile daftari nililipenda mno. Niliapa Curtis asipate hata kilomita moja ya uongo ndani yake, na hajaipata. Sasa safari ya kwenda kumwona mama si ya kazi, haihesabiki. Lakini nikipitia kwa mteja upande ule, nikamuuzia hata boksi la skrubu, barabara yote ni halali. Kwa hiyo nikawa siendi Canora mpaka niwe na mteja wa upande wa Canora. Mama alizoea hilo pia. Nikiingia alikuwa akiniuliza, "Leo umepitia kwa nani?" Nikimtajia ananiuliza habari za mke wake na ng'ombe wake. Katika miezi saba, Stefka, sikuwahi kuwasha gari kwenda kumwona mama bila kupitia kwa mteja. Jana nimelipitia daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta hata safari moja. Haipo.

Mkesha wa Noeli yetu ya Januari, nikitoka kwa mteja wa upande ule, nilimleta nyumbani. Alipika nusu na mimi nusu, ngano na asali tukaila kwanza kama alivyotaka baba, na kiti cha marehemu tukakiacha wazi. Baada ya chakula alitembea na fimbo yake hadi mlangoni pa chumba chake, akasimama kizingitini. Hakuingia. Alitazama kalenda ya kampuni, akasema ni chumba kisafi. Kisha akaniuliza kama angeweza kulala pale leo tu, kwa sababu ya sikukuu. Nilimwambia kitanda kiko bandani, kimeganda, na fomu ya mwaka mpya Curtis alikuwa bado hajaisaini, huenda akataka picha nyingine. Ningeweza kumpa kitanda changu. Ningeweza kumlaza kwenye kochi. Akasema haya, basi tuondoke kabla barabara haijawa mbaya. Njiani alizungumza nami vizuri tu, habari za kanisa.

Acha nikuambie kwanza la wiki iliyopita, kisha nirudi Februari, kwa kuwa la Februari ndilo zito. Wiki iliyopita nilimpelekea Lorna, yule mama anayenijazia marejesho ya kodi, fomu na daftari na picha zangu. Alishangaa picha ni za nini. Nikamsimulia. Akavua miwani, akaniambia kwamba Curtis alikuwa akisema asiyoyajua. Meza ya jikoni ingetosha. Kama kazi nyingi ya wiki inafanyika pale, unahesabu saa na ukubwa wa sehemu, unapunguziwa kidogo, basi. "Chumba kitupu cha nini, Orest? Nani alikuambia utoe kitanda?" Alipiga hesabu zake akaniambia chumba cha mama kimenipunguzia kodi ya dola mia nne na kumi na mbili. Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa Curtis. Fomu ya mwaka huu ameshaisaini bila hata kuombwa. Ameandika: "Pole sana kwa msiba, mzee. Chumba bado ni cha kazi tu?" Mpaka leo sijamjibu.

Sasa Februari. Ile tarehe ishirini na saba asubuhi, saa mbili na nusu, Rowena alinipigia. Ni yule nesi Mfilipino ambaye mama alimfundisha kufunga holubtsi zake za wali na kabichi. Alisema mama hakulala vizuri, pumzi ni fupi, daktari yuko njiani, na kwamba ananiulizia. "Si lazima ukimbie, Bwana Orest, lakini njoo." Hivyo ndivyo alivyosema, nami nililishika lile la kwamba si lazima nikimbie. Nje ilikuwa baridi ya thelathini chini ya sifuri. Gari lilipowaka, mkono wangu ulikwenda kwenye daftari wenyewe. Nikafikiri nani yuko upande ule. Mzee Chernoff alikuwa ameulizia mirija ya kupitishia mbegu tangu Januari. Ni kilomita tisa tu nje ya barabara kuu. Dakika kumi kuingia, dakika kumi za maneno, dakika kumi kutoka, nilijiambia, na safari itakuwa halali.

Chernoff alinipa kahawa. Nilimwambia nina haraka, mama hajisikii vizuri. Akanitazama, akasema, "Sasa wewe unafanya nini hapa?" Nilicheka. Nilikunywa kahawa ile nimesimama, nikaandika oda yake, mirija arobaini. Nikaingia garini, na kabla sijageuza nikaandika kwenye daftari: saa nne na dakika tano, Chernoff, mirija ya mbegu, kilomita arobaini na moja. Mwandiko ni mzuri, hautetemeki.

Nilifika Canora saa nne na dakika thelathini na tano. Mama alikuwa amefariki saa nne na dakika kumi na tano. Sikumshika mkono kama nilivyokuambia, Stefka. Sikuwepo. Yale maneno niliyokuambia kwa simu jioni ile niliyatunga nikiwa kwenye korido, kwa sababu uwanja wa ndege wa kwenu ulikuwa umefungwa na dhoruba na wewe unalia huwezi kuja, na kwa sababu ungeniuliza alisema nini, nami nisingekuwa na la kukuambia. Hakusema hayo. Usimpe fundi maneno hayo.

Alichosema aliniambia Rowena, nami nilimwomba asimwambie mtu. Alipoambiwa asubuhi kwamba nipo njiani, mama alitaka kukaa kitako. Akaomba koti lake, Rowena akamwambia kuna baridi, apumzike. Akaomba viatu. Rowena akamwambia hakuna haja ya viatu kitandani. Akasema, "Nivishe tu. Orest ametoka nyumbani kwa ajili yangu leo, hatapitia popote. Asije akanisubiri." Rowena akamvisha.

Nilimkuta amevaa viatu, dada. Vile vyeusi vya kanisani, vimefungwa kamba.

Sina cha kukuomba. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu nisingeweza kuandika hata nusu ya haya. Jiwe liwe na jina na miaka yake, hiyo inatosha, na kama kuna lawama ulikuwa unaibeba kwa sababu ya kiangazi kile, itue, haikuwa yako hata siku moja. Ukija Mei na usitake kufikia kwangu, hoteli ya barabarani ina nafasi, nami nitaelewa. Daktari wako akikukataza ngazi, usimbishie. Msalimie shemeji Doug, wabusu watoto, na Bibi Sawchuk ameniagiza nisisahau kukuambia kwamba anakuombea.

Ndimi mdogo wako,
Orest